Susu la Heike Lafika Woolwich

Mashoga zangu wa Mkunazini, tangu nirudi hamjaniacha nikaosha hata kikombe. Kila abishaye hodi anataka kuhadithiwa London, na kila mmoja nimemhadithia kipande. Sasa vipande vimekutana njiani vikagombana: mmoja anasema nilikamatwa Muscat, mwingine anasema niliuza pweza ndani ya jumba la sanaa. Basi nimekaa na kalamu. Someni, mpokezane, na atakayekuja kuniuliza tena nitampa karatasi hizi, nami niendelee kuchagua mchele wangu.

Habari za viza na tiketi sizisemi. Zilinitia mvi na hazichekeshi.

Mkunazini hadi bandarini

Heike mnamkumbuka: Mjerumani mrefu, wa umri wangu na zaidi, aliyepanga chumba chetu cha juu ule mwaka wa mvua nyingi. Kazi yake ni kuchora mistari. Huiweka kalamu juu ya karatasi na haiinui tena mpaka amalize. Mstari mmoja tu unatembea, unakunja, unapanda ngazi, unateremka, na ukimaliza kuutazama umeona mtaa mzima. Karatasi ikimwishia, mstari huo huo huutoa nje kwa waya, ukawa umbo la kusimama au la kuning'inia. Mama yangu, ambaye hana subira na mtu asiyeinua kalamu, alikuwa akimwambia aupumzishe mkono. Heike akimjibu kwa Kiswahili alichofunzwa na Mama huyo huyo, yaani Kiswahili cha jikoni, amri tupu: leta, weka, funika, subiri.

Kwetu alifanya umbo moja kubwa la waya mweusi mnene. Lina sura ya mtungi, ila halina udongo. Unaliangalia huku unaona upande wa pili. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la kwanza. Homa ilipomshika akaondoka kwa haraka, akaliacha linaning'inia ukumbini. Nyumba ya watu haiwezi kukaa na kitu kinaning'inia bure. Haikupita wiki Mama alikwisha tia vitunguu, kisha mkate, kisha bakuli la mchuzi, maana paka hakuweza kulifikia. Likawa susu letu, na susu bora kuliko yote niliyopata kuyaona, kwa sababu la kamba huoza.

Miaka ikapita. Siku moja simu ikalia, Heike yuko London, anachanganya Kiingereza na Kiswahili chake cha jikoni. Amepewa chumba kizima katika jumba moja la maonyesho huko Woolwich. Amechora mstari mmoja juu ya ukuta, unaanzia mlangoni, unazunguka kuta zote, na mwisho unatoka ukutani ukawa waya, na waya ule mwisho wake ni hilo umbo alilotuachia. Lisipofika, mstari utaishia hewani. Ameuliza kampuni za kusafirisha mizigo na hamwamini hata moja. Ananiamini mimi.

Kisha sauti yake ikashuka. Mara ya mwisho alipoonyesha kazi zake London watu walikuja, wakashika glasi zao, wakaipa michoro mgongo, wakazungumza habari za nyumba na likizo hadi wakaondoka. Mwenye jumba keshamwonya kwamba jioni ya ufunguzi ikienda namna ile tena, chumba atapewa mpiga picha. "Zuhura," akaniambia, "mtu moja tu. Angalia mpaka mwisho. Leta chombo."

Nikamwambia nitaleta. Heike si mtu wa kuomba.

Kosa langu lilikuwa kumweleza Mama maneno yale kama yalivyo. Mama akasema sawa, apelekewe, ila chombo cha watu hakirudi kitupu. Sahani ya jirani ikija na sambusa hairudi bila kitu, hata kama ni ndimu mbili, na Heike ni jirani aliyekaa mbali kidogo. Nilijaribu kumweleza kwamba Heike mwenyewe husema ule utupu wa ndani ndio kazi yake. Mama akaniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayehangaika miezi kwa ajili ya utupu.

Akaanza na halua na visheti vya Heike. Habari zikatoka dirishani. Kabla ya alasiri kila mwenye ndugu London alikuwa kwenye ngazi yetu na kifurushi chake: pweza mkavu, achari ya ndimu, bizari, udi, ubani, mikeka ya kusalia, na gauni moja la arusi. Vya watu vikatangulia chini, cha Heike kikakaa juu. Kisha Mama akatwaa kamba ya usumba akashona, akipitisha kamba katika waya, tundu kwa tundu, mpaka mdomo ukazibika. Akanishika mkono. Hiyo ni amana, akasema, asiifungue mtu kabla ya mwenye chombo kuipokea kwa mikono yake. Nikaapa. Mnamjua Mama, ningefanyaje?

Bandarini mchukuzi alilizunguka mara mbili. Akaniuliza kama hili ni dema, na kama huko Ulaya samaki wamekuwa wajanja kiasi cha kuagiza mitego kwetu. Nikamwambia ni sanaa. Akasema basi atalibeba taratibu.

Muscat, pasipo haraka

Kutoka Dar hadi Muscat sina la kusimulia, nililala. Muscat ndege ikagoma. Walitutangazia kitu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, na kwa lugha zote mbili maana yake ilikuwa kaeni. Baadaye wakaturudishia mizigo yetu tuikabidhi upya, na hapo ndipo nilipokutana na yule kijana mkaguzi.

Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama mzigo huu nimeufunga mwenyewe. Mimi nimelelewa kusema kweli. Nikamwambia la, amefunga Mama, akisaidiwa na mtaa. Akaweka kalamu chini. Akauliza kama najua kila kilichomo. Nikamwambia nakijua cha juu.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi kwamba nilikamatwa. Sikukamatwa, nilikalishwa kwenye kiti. Wakaja wakaguzi wengine, wakalisukuma susu ndani ya mashine yao, na mimi kutoka kitini nikaiona picha kwenye kioo. Wallahi ilikuwa nzuri. Waya wote umeonekana, mstari baada ya mstari, na ndani yake mitungi ya achari, mikono ya pweza iliyokunjana, na gauni la arusi mithili ya moshi. Nikatamani Heike aione.

Yule kijana akainusa kamba ya usumba. Kisha, kwa Kiswahili safi cha kwetu, akaniuliza pweza ni wa wapi. Nikamwambia wa Jambiani. Akasema bibi yake alizaliwa Ng'ambo, alikuwa akimpika pweza kwa tui zito, na tangu afe hakuna tena nyumbani kwao ampikaye hivyo. Mashine ilikwisha onyesha kwamba hakuna la hatari. Akanigongea muhuri, akanitakia safari njema, akaniita shangazi.

Ndege haikupona mpaka siku ya pili. Katika kukaa kule nilipata shoga, Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Muscat tangu msichana. Aliponisikia napeleka halua London akanihurumia. Halua ya Unguja, akasema, ni nzuri kwa mtu asiyepata kuonja nyingine. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Abiria wa safu nzima wakaingilia, mmoja akatetea zafarani, mwingine samli, na mzee mmoja wa Pemba akatutia sote makosani. Mwisho wake Bi Thuwaiba akaenda dukani, akarudi na bakuli la halua ya Muscat nimpelekee binamu yake Woolwich, ili huko watu wapime wenyewe. Nikaliingiza kwa kulisukuma kati ya waya mbili. Kamba sikuigusa.

Ila moyo haukuwa umetulia. Niliondoka nyumbani na nafasi ya kutosha, na sasa nafasi imeliwa. Hata nikifika salama, ufunguzi utakuwa kesho yake.

Heathrow hadi Kenton

Mkaguzi wa London alipasua tundu dogo kwenye mkeka niliolifungia, akainama, akavuta pumzi. Akalifunga tundu na kunionyesha mlango.

Shemeji Nassor, mume wa mdogo wangu Raya, alikuja kunipokea na akanisubiri kwa saa nyingi kwenye jengo lingine kabisa. Mimi nami nikamsubiri kwenye langu. Kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba mwenzake ndiye aliyepotea. Tulipopatana alikuwa keshakunywa chai nyingi hata hakutaka kuzungumza.

Raya anakaa Kenton, mtaa wa nyumba pacha zilizobebana, kila mbili na bustani yake na pipa lake. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwalisha. Alinipikia wali wa nazi ya kopo na samaki ambaye sikumfahamu ukoo wake. Nikala, nikasifu, maana alikuwa akinitazama mdomoni. Binti yake Salha nilimsalimu kwa Kiswahili, akanielewa vyema, akanijibu kwa Kiingereza. Tukaendelea hivyo hadi mwisho, kila mtu na lugha yake, na hatukukosana.

Tuliokosana ni mimi na Raya. Alitaka tulifungue susu pale pale zuliani, atoe vya watu avigawe, na mimi nipeleke lililo jepesi. Nikamwambia haiwezekani, nimeapa. Akaniambia Mama yuko Unguja, haoni. Nikamwambia Mungu yuko Kenton pia.

"Dada, weye na Mama mtanitia wazimu," akasema. "Watu washajua vitu vyao vimefika. Simu haikuwacha kulia tangu jana. Ntawambia nini?"

"Waambie vinafunguliwa Woolwich, kesho jioni, kwa mwenye chombo. Anayetaka chake na aje."

Niliyasema yale ili tu niende kulala. Raya akaleta kadi yake ya simu, akapiga hapa na pale, kila alipopiga akataja jina la mtaa na namba ya jengo. Mimi nikapitiwa na usingizi nikimsikia.

Kenton hadi Rayners Lane, ambako sikuwa nakwenda

Asubuhi Raya na mumewe wote walikuwa kazini, Salha shule. Raya aliniachia maelekezo: panda treni, usishuke mpaka uone watu wote wanashuka, hapo ndipo mjini, ukifika mjini uliza treni ya Woolwich. Maelekezo mazuri. Alichosahau ni kwamba kituo kina pande mbili.

Nikapanda. Susu nililikalisha mbele yangu limevikwa mkeka na kanga mbili, na abiria wakaliheshimu, hapana aliyekaa karibu. Baada ya vituo vichache dereva akatangaza kitu, treni ikazimwa, watu wote wakashuka. Nami nikashuka kwa furaha. Nikatoka nje nikasimama kuitazama katikati ya London. Kulikuwa na duka la sari, duka la mboga, kinyozi, na duka la sufuria. Nikajisemea, mbona ndogo, na hawa watu wanaojisifu mji mkubwa walikusudia nini.

Niliingia duka la mboga kumwuliza mwenyewe iko wapi treni ya Woolwich. Kiingereza changu ni cha kulaza wageni. Naweza kusema chai iko tayari na maji ya moto hakuna, nikitoka hapo natafuta ardhi. Mwenye duka, Mhindi wa makamo aliyevaa sweta juu ya sweta, akanisikiliza, akaitazama kanga yangu, akasema, "Mama, sema Kiswahili tu. Mimi ni mtu wa Kisumu."

Nikakaribia kumkumbatia. Akaniambia hapa ni Rayners Lane, na Woolwich ni ncha nyingine ya mji, upande ule kabisa. Kila nilivyokwenda nilikuwa nazidi kuupa mji mgongo. Nikakaa juu ya gunia la viazi. Nikamwona Heike amesimama katika chumba chake, mstari umefika mwisho wa ukuta, hauna pa kwenda. Nikalia, na sioni haya kuandika kwamba nililia.

Yule bwana hakunibembeleza. Alimwita mkewe, mkewe akaleta sahani ya muhogo wa kukaanga, umetiwa chumvi, pilipili na ndimu kama wa Forodhani. Hakuna aliyepata njia na njaa tumboni, akaniambia, kula kwanza. Nilipokuwa nakula akalizunguka susu, akauliza kilichomo. Nikamhadithia. Alicheka mpaka akavua miwani, akamtafsiria mkewe kwa Kigujarati, mkewe naye akakaa chini. Kumbe hata kwao vyombo havirudi vitupu. Yule mama akaenda ndani akarudi na mfuko wa chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kutafuna, na huo nao ukapita kati ya waya mbili.

Akafunga duka. Ndiyo, alifunga duka mchana kweupe, akanisindikiza hadi jukwaani, akanipandisha treni ya upande unaofaa, na akamwomba bibi mmoja wa Kiingereza anishushe mahali pake. Yule bibi alinishika kiwiko njia nzima, akidhani mimi ni kipofu.

Treni ya pili, ya kuvuka mto, niliipata jua likianza kushuka. Ndani yake alikuwamo nesi wa Kikenya aliyekuwa akienda zamu Woolwich. Aliinua upande mmoja wa susu bila kuombwa. "Mathe, hii kitu ni ya kuku?" akaniuliza. Nikamwambia ni mstari. Akanitazama kwa jicho la kazi yake, akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Woolwich

Sokoni Woolwich nilijiona nimefika nyumbani kwa mtu. Mihogo, ndizi mbichi, samaki wakavu, akina mama wanapigiana kelele za bei kwa lugha nisizozijua hata moja. Nesi alinifikisha mpaka mlangoni mwa jengo la matofali lililokuwa ghala zamani, karibu na mto, akaniaga.

Heike alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani, amevaa nguo nyeusi za shughuli. Aliponiona akasimama, akanikumbatia nikasikia mifupa yake. Kisha akaifungua kanga, akauvua mkeka, akarudi nyuma hatua moja.

Waya ulikuwa ule ule, lakini tumbo lilikuwa limeshuka. Miaka ya vitunguu na safari nzima ya mitungi ya achari ilikuwa imelivuta, na juu yake Mama ameshona kama anayeziba godoro. Harufu ya pweza ikatembea chumbani, ikafika kila pembe.

"Nani weka?" akauliza Heike.

"Mama."

"Ondoa."

Nikamwambia sivyo inavyofanywa. Chombo chako tumekiazima, tunakirudisha, na wewe unapokea kwa mikono miwili. Lakini nilikuwa nimeona macho yake. Mtu aliyengoja miaka kupata chumba kile, nami namletea jiko la Mama yangu. Heike akatazama kuta, akanitazama mimi, mwisho akakaa tena sakafuni na kuinyoosha mikono. Nikakata kamba. Nikampa halua na visheti. Akavinusa, akafumba macho kidogo, akasema ahsante kwa Kijerumani.

Hatukuwa na wakati wa kutoa vya watu. Mwenye jumba, Mwingereza mwembamba wa koti la kijani, alikuwa ameingia na uso wa mtu aliyekanyaga kitu, na wageni walikuwa mlangoni. Tukalipandisha susu lilivyo, Heike akaiunganisha ncha ya waya na ncha ya mstari ukutani. Mstari ukatoka mlangoni, ukapita kuta zote, ukaruka hewani, ukaishia kwenye mkusanyo wa vifurushi.

Waliingia kwanza watu wake, wachache, wakachukua glasi, wakaupa ukuta mgongo. Heike akawatazama migongo. Halafu wakaingia wetu.

Mashoga, sikujua kwamba Raya alipiga simu nyingi kiasi kile. Walikuja wa Kenton, wakaja wa Woolwich yenyewe, baibui kwa baibui, kofia kwa kofia, watoto ndani ya magari ya kusukumwa. Waliokuwa hawajaonana tangu arusi ya mwaka juzi wakaonana hapo. Raya akapanda kiti akawa anatoa vifurushi na kuita majina. Bi arusi alipewa gauni lake akalipima juu ya nguo. Bakuli la Bi Thuwaiba likafunguliwa, la Mama yangu nalo likafunguliwa kwa idhini ya Heike, na vita vya Muscat vikaanza upya, safari hii Waingereza nao wakionja na kupiga kura. Mwenye jumba alikula mara nne na hakusema upande wake.

Chumba kilikuwa kimejaa. Lakini hapana hata mmoja aliyekuwa akiangalia. Wetu waliupa ukuta mgongo kuliko wale wa glasi, na mmoja alikuwa ameuegemea. Nikamtafuta Heike, nikamwona pembeni amejikumbatia. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemletea watu tele, na kile alichokitaka nimekifukia chini yao.

Ndipo Mzee Abeid alipoingia. Huyu ni mtu wa Kiponda aliyeondoka siku zile walipoondoka wengi, mimi ni mtoto, na hakurudi tena. Anakaa Woolwich peke yake. Alipewa mtungi wake wa achari, akautia mfuko wa koti, akatafuta pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na watu. Akautia mkono ukutani karibu na mlango, ajishikize, na chini ya mkono wake kulikuwa na mstari.

Akautazama. Akatoa miwani. Kidole chake kikaanza kutembea.

"Hii bandari," akasema peke yake. Akasogea. "Huku Malindi. Hapa palikuwa na muuza kahawa." Mwenye jumba akaja mbio, maana kazi za watu haziguswi, lakini Heike alimwahi akamshika mkono wa koti. Tukawa sote watatu tunamfuata mzee hatua kwa hatua. Alipita msikiti, akapita kichochoro anachokifahamu, akapunguza mwendo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kidole kikasimama.

"Hapa pana nyumba," akasema. "Mbona hakuichora?"

Mashoga, mnaijua nyumba ile ya kwao. Mnajua iliangukaje katika masika, na mnajua kwamba ndugu zake wakimpigia simu humwambia ipo, inamsubiri, inataka rangi tu. Nikafungua mdomo niseme mchoraji alichoka, au mvua ilimkatiza, au lolote. Heike akanitangulia, na Heike hana Kiswahili cha kufichia.

"Nyumba hapana," akamwambia. "Mbuzi."

Nyuma yetu watu walikuwa wanacheka habari za halua.

"Mbuzi wangapi?" akauliza hatimaye.

Heike akamwonyesha vidole vinne. Kisha akainama pamoja naye, akamwonyesha pale mstari unapoinuka vipindi vinne vidogo, na hatua moja mbele, vitanzi vitatu vilivyokaribiana, ambavyo mimi nilivipita mara kadhaa nikadhani mkono wake uliteleza.

"Mafiga," akasema Heike. Neno hilo nalo kafunzwa na Mama. "Jiko. Mbuzi kula jikoni."

Mzee Abeid aliweka kidole juu ya vile vitanzi vitatu. "Hapa alikuwa akikaa mama yangu," akasema. Kisha akacheka kidogo, machozi yakimteremka. "Alikuwa hawapendi mbuzi."

Hakusogea tena. Raya alimletea kiti chake, akakaa uso karibu na ukuta. Watu walichukua vifurushi vyao, wakaagana mara tatu tatu, wakaondoka. Wale wa glasi nao wakaondoka. Susu likabaki tupu, tumbo limeshuka, linazunguka taratibu juu yetu. Mwenye jumba akaanza kuzima taa za upande wa pili, akatoa funguo, akakohoa.

"Subiri," Heike akamwambia, kwa Kiswahili cha Mama yangu, akasahau kwamba yule ni Mwingereza. "Mtu anaangalia."

Nikamfasiria. Akamtazama Heike, akamtazama mzee, akaziwasha taa tena, akakaa sakafuni na koti lake la kijani. Mzee Abeid alikuwa bado hajafika hata sokoni.